Kinu Juu ya Gunia la Pumba

Somo ninalolipenda kuliko yote ni la vipimo vya joto, kwa sababu naweza kulifundisha kwa kipande cha barafu na mdomo wangu tu. Nafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Mbeya, shule ambayo maabara yake ina makabati mazuri na vitu vichache ndani ya makabati. Barafu naigandisha mwenyewe nyumbani kwenye kopo la siagi. Naiweka mezani mwezi wa tano ukielekea kuisha, wakati wanafunzi wa kidato cha pili wanaingia wamejikunyata, viganja vimefichwa ndani ya mikono ya sweta. Nawauliza, hii ina joto kiasi gani? Wanajibu kwa pamoja, sifuri.

"Sifuri hiyo kaiweka nani?"

Nawaambia ni watu tu waliamua. Waliona maji yakiganda wakasema, tutaanza kuhesabu hapa. Kuna wengine walioanzia kwingine, na kwa kipimo chao cha Farenhaiti barafu hii hii inasoma thelathini na mbili. Halafu kuna kipimo cha Kelvini, kinachoanzia mahali ambapo chini yake hakuna tena pa kwenda, na kwa kipimo hicho barafu inasoma mia mbili sabini na tatu. Kila mwaka anatokea mmoja, mara nyingi wa dawati la nyuma, anayeuliza kama anayenitega, "Kwa hiyo mwalimu, barafu nayo ina joto?" Namjibu, inalo, tena jingi. Darasa linacheka. Huwa nasubiri kicheko kiishe ndipo niendelee, maana kicheko hicho ndicho kinachonionyesha kwamba wameelewa.

Mwaka huu sikusubiri. Nilijibu, nikaandika ubaoni, nikaendelea. Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimetoka hospitali, na huko nilikuwa nimeambiwa kwamba binti yangu, mtoto wangu wa pekee, wa miaka mitatu na ushee, hasikii.

Alizaliwa anasikia. Hilo nalijua kwa hakika, kwa sababu alikuwa akishtuka mlango wa bati ukipigwa na upepo, na alipoanza kuongea aliongea mapema: mama, maji, paka, na neno moja la Kinyakyusa alilolipata kwa jirani ambalo sitaliandika. Kisha akiwa na mwaka na nusu akapata homa. Tulikuwa na kipimajoto cha zamani cha kioo, kile chenye namba pande mbili. Upande mmoja kilisoma arobaini. Upande wa pili kilisoma mia moja na nne. Mume wangu ni fundi umeme, hana woga wa namba, lakini aliposoma ile mia moja na nne aliruka kitandani akatafuta viatu. Nikamwambia ni homa ile ile, namba tu ndizo zinatofautiana. Bado tulikwenda mbio. Daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo, na akasema mmewahi. Walimtibu vizuri, akapona, tukapeleka sadaka ya shukrani kanisani. Sina mtu wa kumlaumu, na nimemtafuta.

Baada ya hapo yale maneno yalidondoka. Hayakuondoka siku moja. Paka liliondoka kwanza, halafu maji. Tukaambiwa ugonjwa umemrudisha nyuma, atarudi tu, watoto hawafanani. Bibi mmoja wa jumuiya yetu alimtazama akacheka, "Huyu mwacheni, kimya kingi kina mshindo mkuu." Nilicheka naye. Na kwa kweli mtoto hakuwa na shida yoyote ya kuonekana kwa macho. Tena alikuwa akisifiwa.

Sababu ya kusifiwa ni goti. Kwetu mtoto wa kike hasalimii mkubwa akiwa amesimama. Mimi ni Mhehe wa Ipogolo, Iringa, mume wangu ni wa huku Mbeya, na katika hili pande zote mbili hazina ugomvi: msichana anapiga goti, anainamisha kichwa, anasalimia. Mwanangu aliliona goti kwangu, akaliona kwa mashangazi zake, akalishika kabla hajatimiza miaka miwili na nusu. Akimwona mtu mzima anaingia uani, huyo chini, mikono imekutana, midomo inachezacheza. Na mtu mzima naye huitikia goti, hasubiri sauti. "Marahaba, mwanangu! Hujambo?" Kisha anamgeukia mama mtu na kusema huyu mtoto mmemlea, watoto wa siku hizi hawako hivi. Mtoto anasimama, anarudi kwenye michezo yake. Nani angegundua? Kelele za watoto ndizo zinazotafutiwa dawa. Mtoto aliyetulia na anayepiga goti hapelekwi hospitali mahali popote kati ya Mbeya na Iringa. Nilijivuna kwa sababu ya lile goti, sioni haja ya kuficha.

Aliyetufumbua macho ni mpiga tarumbeta. Ilikuwa Jumapili ya kipaimara, watoto wadogo wamekaa kwenye nyasi nje ya kanisa, na bendi ya matarumbeta ikaja ikajipanga nyuma yao bila wao kuona. Walipopuliza, watoto wote waliruka kama vifaranga waliomwagiwa maji, wengine wakaanza kulia. Wangu alikuwa anamenya ndizi. Aliendelea kuimenya, ganda baada ya ganda, taratibu, huku mdomo wa lile tarumbeta kubwa ukiwa karibu na kisogo chake. Halafu akawaona wenzake wanalia, akageuka kutazama kuna nini.

Mume wangu alinitazama. Nami nilikuwa namtazama.

Kipimo chenyewe hakikuwa na maumivu. Walimlaza kwa dawa ya usingizi, wakambandika nyaya ndogo kichwani, mashine ikawa inampigia mlio masikioni na kusoma kama ubongo unaupokea. Mtaalamu alikuwa binti mpole, mdogo kuliko mimi. Alinionyesha karatasi yenye sifuri juu na mia chini, akaniambia, "Mama, hii sifuri si kimya. Ni mlio mdogo kabisa ambao sikio zima linaweza kuunasa. Tunateremka hivi, sauti inazidi kuwa kubwa."

"Najua," nikamjibu. "Nafundisha."

Mlio ulikuwa umekwenda hadi chini kabisa ya karatasi, sikio la kulia na la kushoto, na ubongo wa mwanangu haukujibu popote. Nikamuuliza binti maswali. Mashine inafika desibeli ngapi, waliipima mara ya mwisho lini, chumba kina kelele kiasi gani. Nilikuwa nauliza kama mkaguzi. Mume wangu alitoka nje akasimama kwenye varanda, kichwa kwenye nguzo. Mimi nilibaki nikaelezwa yote: kwamba vifaa vya kuvaa sikioni havitamsaidia, kwamba upasuaji nao haufai kwa sababu picha waliyompiga kichwani ilionyesha mfupa umeshajaa ndani ya sikio, na kwamba kilichobaki ni lugha ya alama. Aanze mapema. Ipo shule yenye darasa la watoto viziwi wadogo, wanapokea mwezi wa saba, na akipita umri huu bila lugha yoyote, kuja kuipata baadaye ni kazi kubwa. Yule mtaalamu alikuwa na machozi. Nilimpa pole, nikaenda kufundisha.

Sikuhisi kitu. Watu wakisikia hivi hudhani nasema nilikuwa imara. Sikuwa imara. Nilikuwa kama mtu aliyelalia mkono: mkono upo, unauona, unauinua kwa mkono mwingine, lakini hauna habari na wewe. Nilipika, nilisahihisha madaftari, nilifua sweta. Wanawake wa kanisani walikuja kunipa pole na mmoja akasema kazi ya Mungu haina makosa, nami nikamkaribisha chai. Nilimwogesha mwanangu bila kumsemesha. Zamani nilikuwa namsemesha wakati wa kuoga, maneno ya kipuuzi tu. Sasa nikaona ya nini.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita, mume wangu alimpeleka mtoto Ipogolo kwa mama yangu. Tulisema ni kwa sababu ya baridi ya Mbeya, na baridi ilikuwepo kweli, asubuhi majani yalikuwa meupe kwa sakitu. Lakini sababu ni kwamba nilishindwa kumtazama. Fomu ya ile shule ilikuwa juu ya kabati la vyombo. Kila niliposhusha sahani niliiona, nikasema kesho.

Kisha mama akapiga simu.

Mama yangu ni mjane, anafuga nguruwe na kuuza vitunguu vya Ruaha Mbuyuni pembeni ya barabara kuu, na akiongea kwenye simu anapaza sauti kana kwamba anataka ifike Mbeya yenyewe bila mtandao. Hakunisalimia.

"We mwalimu! Mashine zenu hizo za Mbeya zimewadanganya. Huyu mtoto anasikia!"

"Mama..."

"Nyamaza nikwambie. Mimi nikianza kutwanga tu, huyo anakuja mbio. Awe nyuma ya nyumba, awe bandani, anakuja. Jana anakuja, leo anakuja. Masikio yake iko wazi kabisa. Kinu kinamwita na anaitika, sasa kiziwi gani huyo?"

Nikamwambia kipimo kilikuwa kizuri. Akaniuliza kama kile kipimo ndicho kilichomzaa mtoto. Kisha akapunguza sauti, na mama akipunguza sauti ujue ana jambo. "Usimpeleke kwa watoto wasiosikia, mwanangu. Atasahau kusikia. Mwache kwangu nimtwangie, masikio yatarudi pole pole."

Niliposhusha simu niligundua kwamba nimekasirika. Ndicho kitu cha kwanza nilichohisi tangu hospitali, hasira, na ilinichukua muda kujua nini kinanikasirisha. Ni kwamba nilimwamini. Mimi mwenyewe, niliyeiona karatasi, niliyeuliza mpaka chumba kina kelele kiasi gani, nilikuwa nimesimama jikoni nawaza pengine mashine iliharibika. Kesho yake nilipanda basi la asubuhi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya misonobari ya Mafinga, dereva amewasha taa, na njia nzima nilikuwa napiga hesabu ambazo hazikuwa na kazi. Sauti hewani husafiri mita kama mia tatu thelathini na moja kwa sekunde kwenye nyuzi sifuri, na kila uzi mmoja wa joto huongeza kama sita ya kumi ya mita. Maana yake ukipiga kelele Ruaha Mbuyuni kwenye joto la adhuhuri, kelele yako inakimbia kuliko ya mtu wa Uyole kwenye baridi ya alfajiri ya Mbeya. Wanafunzi wangu wanaupenda mfano huo. Wanasema ndiyo maana wafanyabiashara wa vitunguu wanasikika haraka.

Nilishuka Ipogolo jua limeshapanda. Nyumba ya mama iko juu kidogo ya barabara, uwanja wake ni udongo mtupu ulioshindiliwa kwa miaka na miguu na fagio. Mwanangu alikuwa amechuchumaa karibu na ngazi. Lori lilikuwa linapanda kuelekea Mbeya, limejaa, linalia, naye alikuwa ameweka viganja vyote viwili chini, ametulia. Lori lilipopita akaviinua. Halafu akaniona. Akaja mbio, akafika mbele yangu, akapiga goti.

Alinisalimia kwanza kama mgeni, midomo ikacheza, kichwa kimeinama. Kisha ndipo akanirukia.

"Kamwene," mama akanisalimia kutoka mlangoni, mikono ina unga. "Umekuja kuhakikisha. Haya, utahakikisha."

"Kamwene, mama."

Hakuniacha hata ninywe maji. Alimshika mtoto mkono, akampeleka nyuma ya nyumba kwenye banda, akamwachia magunzi ya mahindi ya kuchezea. Akarudi, akamimina mahindi kwenye kinu kilichokuwa pale pale uwanjani kilipokuwa tangu nikiwa mdogo, akakamata mchi. Alinikazia macho kisha akapiga.

Hakupiga sana. Mtoto akatokea kwenye kona ya nyumba, mbio, miguu mitupu, anacheka.

Nilikaa chini. Hapakuwa na kiti, nilikaa kwenye udongo na nguo zangu za safari. Nilifurahi. Nasema waziwazi, nilifurahi kwa furaha ambayo sikuwa nayo hata siku alipozaliwa, maana siku ile nilikuwa nimechoka. Mama alikuwa ameegemea mchi, ananicheka. "Haya mwalimu. Fizikia inasemaje?" Akamvuta mtoto akambusu kichwani. "Mke mwenzangu huyu haniangushi."

"Rudia," nikasema.

Tulirudia. Mtoto akarudishwa nyuma kwa magunzi yake, mama akatwanga, mtoto akaja. Mara hii nilimtazama vizuri, na afadhali nisingemtazama. Mtu anayeitwa kwa sauti huinua uso, hutafuta sauti inatoka wapi. Mwanangu alikuja akitazama chini. Alikuja akitazama miguu yake, kama anayefuata kitu kinachotambaa kwenye udongo, na aliinua macho alipofika karibu na kinu tu.

Kuna jambo nawaonyesha wanafunzi tukifika kwenye mawimbi ya sauti. Mmoja analaza sikio juu ya meza ndefu ya maabara, mwenzake anakwaruza upande wa pili kwa ukucha, polepole, mkwaruzo ambao hewani hausikiki. Aliyelaza sikio anashtuka. Nawaambia sauti ni mtetemo, haijali inapita wapi. Hewani inapita, na kwenye mbao, chuma na ardhi inapita haraka zaidi. Waliokulia karibu na reli hawashangai.

"Mama," nikasema, "una gunia la pumba?"

"Ya nguruwe ipo. Ya nini?"

"Tuweke kinu juu yake."

Alinitazama kama niliyemwambia tuvue nguo. "Kinu hakitwangiwi juu ya gunia. Umeona wapi? Kitaanguka, na watu watatuona."

"Nitakishika."

Alijua kwamba nataka kufanya kitu, ila hakujua ni nini, na nadhani kama angejua angekataa. Alileta magunia mawili yaliyoshiba pumba, tukayalaza moja juu ya jingine, tukapandisha kinu juu. Nilipiga magoti nikakikumbatia, kifua kwenye mti, kichwa nimekigeuza pembeni nisipigwe na mchi. Mtoto alikuwa nyuma ya nyumba. Mama akapiga.

Sauti hewani ilikuwa ile ile, ila pumba zilikuwa zinaumeza mtetemo usifike ardhini. Kwangu ilikuwa kubwa zaidi, maana sikio langu lilikuwa karibu na ukingo, na kila pigo lilinifanya nifumbe macho. Kuku walikimbia. Jirani alichungulia juu ya ukuta wa miti akauliza, "Leo mnatwanga nini huko, mawe?" Mama aliendelea, huku macho yake yako kwenye kona ya nyumba. Alipoona kona iko wazi, alipiga kwa nguvu zaidi. Mahindi yakaanza kuruka nje. Akaanza kuita na kwa mdomo, kwanza kwa utani, "Njoo, mke mwenzangu, njoo, mama yako amekuja kutuaibisha," halafu bila utani, "Njoo. Njoo bwana. Njoo."

Nilikiachia kinu nikamwambia aendelee, nikaenda hadi kwenye kona. Mwanangu alikuwa amechuchumaa, ametupa mgongo, anapanga magunzi kwenye mstari. Kulikuwa na hatua chache tu kati ya mgongo wake na ile kelele. Kisogo chake hakikutikisika. Nilirudi.

Mama alikuwa ameacha. Alisimama ameshika mchi, anahema, jasho limemshuka shingoni, na uso wake ulikuwa umezeeka tangu nilipofika. Nilitaka kusema samahani. Nilikuwa nimempokonya kitu chake cha pekee, tena kwa gunia la pumba za nguruwe wake mwenyewe.

Akaegemeza mchi ukutani. Akakishusha kinu kwenye magunia, peke yake, akakiburuza hadi mahali pake pa siku zote, pale ambapo ardhi imefanya shimo la kukaa kinu. Akayamwaga nje mahindi yaliyobaki. Akachukua mchi, akapiga kinu kitupu. Kinu hakipigwi kitupu, mtoto yeyote wa Kihehe akifanya hivyo anagombezwa. Akapiga tena.

Mtoto akatokea kwenye kona, anakimbia, anatazama miguu yake.

Mama naye aliitazama ile miguu, midogo, mitupu, ina vumbi jekundu mpaka kwenye vifundo.

"Kumbe ndiyo inasikia," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na masikio hamna."

"Hamna."

Alikubali kwa kichwa. Alimkalisha mtoto mapajani, akampangusa vumbi kwa khanga, unyayo mmoja halafu wa pili, kama anayekausha vikombe. "Basi mimi namwita hivi hivi," akasema. "Ameshazoea. Ila kumwita tu haitoshi, mwanangu. Akishakuja nimwambie nini? Mpeleke huko akafundishwe maneno ya mikono. Akishajua atakuja kunifundisha bibi yake. Mimi sijazeeka."

Nikamwambia fomu iko juu ya kabati, Mbeya.

"Juu ya kabati inafanya nini?"

Nilifungua mdomo nimjibu na kilichotoka si jibu. Kilianza kidogo nikadhani nitakizuia, nikafunika mdomo kwa mkono kama tunavyofanya mbele ya watoto, tusiwatishe. Mama alinitazama juu ya kichwa cha mwanangu.

"Lia," akasema. "Lia kwa sauti. Hakusikii."

Nililia. Nililia kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa hata msibani kwa baba, na jirani alichungulia tena akarudi ndani bila kuuliza. Mtoto alitelemka mapajani mwa bibi yake akanitazama kidogo, akaniletea gunzi moja, akaniwekea mkononi. Kisha akarudi zake kwenye mstari wake, amenipa mgongo.

Nilipotulia nilivua viatu na soksi. Soksi za Mbeya, nzito. Udongo wa Ipogolo ulikuwa na uvuguvugu, sikumbuki mara ya mwisho niliukanyaga hivyo lini. Nikamwambia mama apige kinu, akapiga, nikausikia mpigo kwenye nyayo, hafifu, kitu kama mshipa. Mwanangu alichungulia kwenye kona, akaona ni bibi yake anacheza tu, akarudi kwenye magunzi.

Nikaenda hadi kona ya nyumba, nikasimama nyuma yake. Tangu ile homa hadi siku ya hospitali nilikuwa nimemwita kwa jina lake kila siku, asubuhi na jioni, wakati wa kula na wakati wa kuoga, na hakuna hata siku moja lilipomfikia. Nikainua mguu, nikaupiga chini.

Akageuka. Akanitazama usoni, ameshika gunzi, anasubiri nilichomwitia. Nami sikuwa na neno hata moja la kumpa.